JUA LA BURE, UNITI YA KULIPIA
Somo la kupima gharama za nishati katika chama cha msingi



Katika njia panda ya Dumila, barabara ya Kilosa inapokutana na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, paneli za jua zimekwisha kuwa bidhaa ya kawaida kama mabati na saruji. Wauzaji huzinadi kwa neno moja tamu: jua ni bure. Neno hilo ni kweli kwa jua lenyewe, lakini si kweli kwa umeme utokanao na jua. Umeme huo hulipiwa karibu wote siku ya kwanza, kabla ya uniti moja kutumika. Chama kinachonunua mitambo ya jua hakinunui umeme wa mwezi huu; kinanunua umeme wa miaka ishirini kwa mkupuo mmoja, na kinaununua kwa fedha za wanachama.

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha Katibu na kila mjumbe wa Bodi kujibu swali moja mbele ya mkutano mkuu: kwa kazi tuliyo nayo, na kwa siku tunazoifanya katika mwaka, uniti moja itatugharimu shilingi ngapi kwa jua, kwa TANESCO na kwa mafuta? Bei za vifaa, za mafuta na riba zilizomo katika mifano ni za kufanyia hesabu tu. Kila chama kiziondoe na kuweka bei zake, kama zilivyo katika ankara kifani zilizopokelewa.

1. KIPIMO CHETU NI UNITI

Wati ni kipimo cha nguvu ya chombo. Uniti ni kipimo cha kazi iliyokwisha kufanyika. Tukifananisha na shamba, wati ni upana wa mfereji, na uniti ni maji yaliyokwisha pita. Chombo cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja kimetumia uniti moja. Taa ya wati 10 itatumia uniti hiyo hiyo kwa saa 100.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Katibu ni kuchora jedwali la safu nne: jina la chombo, wati zake, saa zake kwa siku, na siku zake kwa mwaka. Safu ya nne ndiyo husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo itakayoamua hesabu yetu yote.

2. UNITI YA TANESCO NA UNITI YA MAFUTA

Bei za TANESCO hupangwa kwa idhini ya EWURA. Katika bei zilizopangwa Aprili 2016, mteja wa matumizi ya kawaida, yaani kundi la T1, lenye ofisi, maduka na mashine ndogo, alipangiwa Sh. 292/= kwa uniti, na ada ya huduma ya kila mwezi ikafutwa kwake. Juu ya bei hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini asilimia 3, na tozo ya EWURA asilimia 1. Jumla ni asilimia 22, na uniti moja inafikia Sh. 356/=. Ndiyo sababu LUKU ya Sh. 10,000/= hutoa takribani uniti 28. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, si bei ya umeme. Katibu aiandike katika safu yake peke yake, asije akapotosha hesabu.

Nyumba za matumizi madogo, kundi la D1, zilipangiwa Sh. 100/= kwa uniti zisipozidi 75 kwa mwezi. Bei hiyo ni ya nyumba za kuishi, wala chama kisiitumie katika hesabu za ofisi au ghala.

Kundi la T2 ni la wateja wanaozidi uniti 7,500 kwa mwezi. Uniti yao ilipangiwa Sh. 195/=, lakini hulipa pia ada ya kilele cha mahitaji, Sh. 15,004/= kwa kila kilovoti-ampea kwa mwezi. Ada hiyo hupimwa kwa mzigo mkubwa kuliko yote uliovutwa ndani ya mwezi. Tutaona baadaye kwa nini jambo hili ni zito kwa vyama vya umwagiliaji.

Sasa mafuta. Jenereta ya dizeli iliyo katika hali nzuri hutoa takribani uniti tatu kwa lita moja. Tukiweka lita kuwa Sh. 3,000/=, uniti inasimama kwenye Sh. 1,000/=, bila oili, vipuri wala nauli ya kuyafuata mafuta. Jenereta ndogo za petroli ni ghali zaidi, kwa kuwa lita moja huishia kwenye uniti moja na nusu au mbili.

3. JUA LA DUMILA LINATOA NINI?

Tanzania hupokea kati ya uniti 4 na 7 za nishati ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, kutegemea mahali na majira. Dumila iko katika tambarare iliyo kati ya milima na nyanda kame za Dodoma. Haina ukungu wa mabonde ya Uluguru, wala haina anga kavu kabisa ya Singida. Kwa kupanga kwa tahadhari, na baada ya kutoa upotevu unaotokana na joto, vumbi na nyaya, tuhesabu kwamba paneli za kilowati moja, zenye eneo la mita za mraba kama tano, zitatoa uniti 4 kwa siku. Kwa mwaka tuhesabu uniti 1,400.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mawingu hupunguza umeme huo. Lakini huo ndio wakati ambao shamba halihitaji pampu. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hukatika, jua huwaka, na bustani za nyanya na vitunguu hulia maji. Kwa kazi ya umwagiliaji, basi, jua huja pamoja na haja. Hali ni kinyume kwa mabwawa: mvua zikipungua maji hushuka, na nchi yetu imeonja migawo ya umeme, kama ile ya mwaka 2011. Mkoa wetu ndio wenye Kidatu, kituo cha megawati 204 kilichoanza mwaka 1975. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024 na kuiongezea gridi nguvu kubwa. Hata hivyo, umeme wa gridi haumsaidii mkulima ambaye nguzo ya mwisho iko kilometa tatu kutoka shambani kwake.

Dumila iko kusini mwa Ikweta, nyuzi sita na kidogo. Paneli zielekee kaskazini, na ziinamishwe nyuzi 10 hadi 15, ili mvua izioshe na vumbi lisituame. Kivuli cha tawi moja juu ya paneli moja kinaweza kupunguza nguvu ya safu nzima. Kwa hiyo mahali pachaguliwe asubuhi, mchana na alasiri, si mchana peke yake.

4. UNITI YA JUA INAGHARIMU NINI?

Kanuni ni hii: jumlisha bei ya mitambo na matunzo yake kwa miaka yote, kisha gawanya kwa uniti zitakazotumika, si kwa uniti zitakazozalishwa.

Tuchukue mitambo ya kilowati moja isiyo na betri, iliyofungwa kwa Sh. 2,000,000/=. Matunzo ni Sh. 40,000/= kwa mwaka, yaani Sh. 800,000/= kwa miaka ishirini. Jumla ni Sh. 2,800,000/=.

(a) Umeme wote ukitumika mwaka mzima: uniti 1,400 kwa miaka 20 ni uniti 28,000. Uniti moja ni Sh. 100/=.

(b) Umeme ukitumika siku 120 tu kwa mwaka: uniti 480 kwa miaka 20 ni uniti 9,600. Uniti moja ni Sh. 292/=.

Mitambo ni ile ile na jua ni lile lile, lakini bei imekaribia kuwa mara tatu. Jua lisilotumika halimrudishii mwanachama fedha yake.

Usiku una hesabu yake, kwa sababu uniti ya usiku hupita kwanza katika betri. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 hubeba uniti 2.4, lakini isitumiwe zaidi ya nusu, yaani uniti 1.2. Ikiwa imenunuliwa kwa Sh. 600,000/= na ikastahimili kujazwa na kutumiwa mara 800, itatoa uniti 960. Kila uniti imeongezewa Sh. 625/=. Ukichanganya na Sh. 100/= za paneli, uniti ya usiku ni Sh. 725/=, zaidi ya mara mbili ya ile ya TANESCO, ingawa bado iko chini ya dizeli. Betri za lithiamu ni ghali zaidi siku ya kununua, lakini huvumilia mizunguko mingi zaidi. Zihesabiwe kwa kanuni hiyo hiyo.

Ankara za miaka ya nyuma zisitumike. Bei ya paneli duniani imeshuka kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi tangu mwaka 2010, na chama kilichokataa jua miaka kumi iliyopita kwa hesabu sahihi kinapaswa kuifanya hesabu hiyo upya.

5. MIFANO MITATU

Mfano wa kwanza: ofisi ya chama yenye TANESCO. Taa nne za wati 10 kwa saa tano, kompyuta ya wati 60 kwa saa sita, na simu za kuchaji, jumla ni uniti 0.6 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni uniti 15.6, sawa na Sh. 5,554/=. Kwa mwaka ni kama Sh. 66,600/=. Muuzaji akileta mitambo ya Sh. 1,200,000/= yenye betri, itachukua miaka 18 kurudisha fedha hiyo, na betri zitakuwa zimebadilishwa mara kadhaa. Ofisi hii isinunue jua kwa nia ya kuokoa fedha. Ikiwa umeme hukatika siku za kupima mazao na malipo yakasimama, inunue betri ndogo ya kukidhi siku hizo, na muhtasari wa kikao uandike hivyo wazi: tumenunua uhakika, hatukununua nafuu.

Mfano wa pili: shamba la pamoja la ekari nne za mboga, lisilo na nguzo ya umeme. Bustani inayohitaji milimita 5 za maji kwa siku hutaka mita za ujazo 20 kwa ekari. Tukiongeza upotevu wa mifereji ni 25. Ekari nne ni mita za ujazo 100 kwa siku. Kuinua maji hayo mita 10 kutoka mtoni, kwa pampu ya ubora wa kawaida, kunahitaji takribani uniti 7. Paneli za kilowati 2 zinatosha, zikibaki na akiba ndogo.

Pampu ya petroli inayofanya kazi hiyo kwa saa tano hunywa kama lita tano. Ni Sh. 15,000/= kwa siku, na kwa siku 120 za kiangazi ni Sh. 1,800,000/=. Tuongeze Sh. 200,000/= za oili na vipuri: jumla Sh. 2,000,000/= kwa mwaka. Ankara ya pampu ya jua pamoja na paneli, nguzo na mabomba tuseme ni Sh. 7,000,000/=; ulinzi na matunzo Sh. 200,000/= kwa mwaka. Nafuu ya kila mwaka ni Sh. 1,800,000/=, na fedha inarudi kabla ya mwaka wa nne kwisha. Hapa jua limeshinda waziwazi, hata kwa siku 120 tu, kwa sababu mshindani wake ni petroli.

Mfano wa tatu: mashine ya kukoboa mpunga ya kilowati 15, kwa saa sita kwa siku. Ni uniti 90. Kwa TANESCO ni Sh. 32,040/= kwa siku; kwa dizeli ni lita 30, yaani Sh. 90,000/=. Chama chenye laini karibu kianze kwa kuomba kuunganishwa kabla ya kufikiria paneli. Mota kubwa huvuta nguvu nyingi inapoanza, na mkulima aliyefika na magunia yake saa kumi na moja jioni hawezi kuambiwa arudi kesho jua likichomoza.

6. FUNZO LA PAMPU KUBWA

Jirani zetu wa Dakawa, wilayani Mvomero, wana mradi wa mpunga wa hekta 2,000 uliokuwa shamba la NAFCO, ambao sasa huendeshwa na ushirika wa wakulima wadogo, UWAWAKUDA. Maji ya mto Wami hayaingii mashambani kwa mteremko. Hupandishwa kwa pampu za umeme, na gharama yake huingia katika ada za wakulima. Chama cho chote chenye pampu za kiasi hicho kitatamani jua, nacho kina haki ya kutamani. Lakini kihesabu kwa bei ya kundi lake. Mteja wa T2 akizalisha uniti moja kwa jua ameokoa Sh. 195/= na tozo zake, yaani Sh. 238/=, si Sh. 356/=. Tena, wingu likitanda siku moja tu katika mwezi na pampu zote zikavuta kutoka gridi, ada ya kilele itatozwa karibu kama zamani. Mara nyingi nafuu ya kwanza haigharimu paneli hata moja: ni kupanga zamu ili pampu zisiwake zote pamoja, kusafisha mifereji, na kuziba panapovuja.

7. MKOPO UNAWEZA KUVUNJA MRADI MZURI

Turudi kwenye ekari nne. Mradi ni mzuri, lakini tuseme chama kinakopa Sh. 7,000,000/= zote kwa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 15 ya salio linalopungua. Rejesho la kila mwaka ni kama Sh. 3,066,000/=. Nafuu ni Sh. 1,800,000/=. Pengo la Sh. 1,266,000/= kila mwaka litatoka wapi? Hata kwa miaka mitano rejesho ni Sh. 2,088,000/=, bado limezidi nafuu.

Sasa wanachama wakichanga Sh. 3,000,000/= katika hisa na chama kikakopa Sh. 4,000,000/=, rejesho la miaka mitatu ni kama Sh. 1,752,000/= kwa mwaka. Nafuu inalipa deni, na Sh. 48,000/= hubaki. Salio ni dogo. Msimu mmoja mbaya utalimeza. Kwa hiyo akiba ya rejesho moja itengwe kabla ya kusaini. Mkopo usizidi ukomo wa madeni uliowekwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyotaka.

8. MAJI, MAFURIKO NA ULINZI

Petroli ilikuwa na ukali wake, lakini ilikuwa na faida moja isiyosemwa: ilimfanya mkulima azime pampu. Pampu ya jua haimwombi mtu fedha ya lita, na itavuta maji tangu asubuhi hadi jioni yakitakiwa au yasitakiwe. Pampu ishirini za namna hiyo katika mto Mkundi mwezi Septemba ni jambo jingine kabisa kwa kijiji cha chini na kwa mifugo inayoshuka kunywa. Kilosa inafahamu, kwa uchungu, ugomvi kati ya wakulima na wafugaji huishia wapi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, nacho huombwa katika Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kibali kipatikane kabla ya pampu, na zamu za maji zikubaliwe kijijini.

Wanachama wanakumbuka pia Januari 2014, mafuriko yalipoikata barabara kuu katika eneo la Dumila. Paneli zisimame juu ya mkondo wa mafuriko, na pampu iwe ya kuweza kuondolewa kwa mikono ya watu wawili. Mlinzi, uzio na nati za kuzuia wizi viingizwe katika ankara, visiachwe kuwa mambo ya kushtukiza.

9. KABLA YA KUPIGA KURA

Katibu aweke mezani: jedwali la safu nne, ankara kifani tatu za wauzaji mbalimbali, dhamana ya maandishi ya paneli na ya pampu, kila moja peke yake, uthibitisho wa ubora unaotambuliwa na Shirika la Viwango (TBS), jina la fundi atakayefika chombo kikiharibika, na daftari la uchakavu, ambamo kila mwaka itawekwa fedha ya kununua pampu nyingine, kwani pampu haitaishi miaka ya paneli. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chama chetu kilitumia shilingi ngapi mwaka uliopita kwa LUKU, kwa dizeli na kwa petroli? Risiti ziko wapi?

2. Ni kazi zipi zinazofanyika mchana, na ni siku ngapi kwa mwaka? Je, siku hizo zinaweza kuongezwa, kwa mfano kwa kulima bustani misimu miwili?

3. Rudia hesabu ya ekari nne ukiweka petroli Sh. 2,500/= kwa lita, kisha siku 80 badala ya 120. Je, rejesho la mkopo wa Sh. 4,000,000/= bado linalipika?

4. Nani atazima pampu, na kwa amri ya nani, maji ya mto yakipungua?

Majibu ya swali la kwanza na la pili yaandikwe na kusomwa katika kikao kijacho cha Bodi. Muuzaji wa paneli akifika kabla ya kikao hicho, apokewe kwa heshima, aache ankara yake, naye aambiwe kwamba uamuzi ni wa mkutano.